Kichuguu Chini ya Sakafu

Jumanne, 2 Aprili. Koboko

Nimefika saa nne na nusu asubuhi. Fundi wangu Aliga alikuja nyuma na lori la mbao kutoka Arua.

Jengo ni baraza la zamani la kaunti. Matofali ya kuchoma, veranda yenye matao sita. Ukumbi: mita 12.40 kwa 7.10. Chumba cha nyuma, alimokaa karani wa kodi zamani: mita 4 kwa 3.50. Ukuta wa magharibi umeinama kidogo, pimamaji limeonyesha.

Kazi yetu ni sebule ya muda kwa wageni wa mkutano wa biashara ya mpakani, siku tatu kuanzia tarehe 27. Watatoka Kampala, Juba na Bunia. Ofisi inayolinda majengo ya kale imetoa sharti: msumari hata mmoja usiingie ukutani, rangi isipakwe, sakafu isichimbwe. Kila kitu kisimame chenyewe na kiondoke chenyewe. Mwishoni mkaguzi atakuja na fomu kuona kama tumeacha alama.

Miaka saba nimepamba harusi. Mahema, viti vya plastiki vilivyovalishwa nguo. Hii ikifaulu sitarudi kwenye mahema.

Katibu wa kamati ya mkutano ni Madamu Zam, binti wa sajini, mrefu, anatembea kama anakagua gwaride. Amefunga Ramadhani, lakini tangu asubuhi hajakaa hata mara moja.

Jumatano, 3 Aprili

Chumba cha nyuma nilitaka kiwe cha chai. Lakini kuna kichuguu. Kimetoboa sakafu kwenye pembe, kinanifika kiunoni, kimeegemea ukuta kama mlevi. Nilikuwa nakipima kwa utepe niliposikia sauti dirishani.

"We! Unapimia ng'ombe yangu sanduku ya maiti?"

Alikuwa mama mzee mwenye kikapu cha mihogo kichwani. Anaitwa Keji, mjane. Nyumba yake iko nyuma ya baraza. Marehemu mume wake alikuwa mlinzi hapa. Walipokimbilia Kongo wakati wa vita, kisha wakarudi, walikuta mchwa wameingia, na kwa kuwa mume ndiye aliyekuwa na ufunguo, kichuguu kikawa chake. Sasa ni cha Keji, anayekiita ng'ombe wake kwa kuwa kila msimu humpa kumbikumbi wa kula.

"Mama, hii ni nyumba ya serikali," nikasema.

"Nyumba iko ya serikali. Mchwa iko yangu. Uliza mutu yeyote."

Nikamwambia kwetu Manibe pia vichuguu vina wenyewe, baba yangu alirithi viwili. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Basi wewe si mjinga. Wewe ni mwembamba tu."

Ijumaa, 5 Aprili

Hakuna mvua. Fremu kumi na nne zimekamilika.

Jumatatu, 8 Aprili. Arua

Kununua vitambaa. Rangi ya udongo kwa mapazia, bluu iliyokolea kwa mito. Nilirudi Koboko jioni, vumbi hadi kwenye meno.

Alhamisi, 11 Aprili

Idi ilikuwa jana. Madamu Zam ametuletea pilau, akasimama juu yetu mpaka tukaimaliza.

Leo nilikaa kwa Keji. Nilimwonyesha mchoro. Sakafu ya mbao itainuliwa sentimita ishirini juu ya ile ya zamani, lakini katika chumba cha nyuma itaishia katikati. Kichuguu kitabaki nyuma ya pazia, na mlango wa nyuma utakuwa wazi kwake mvua ikija. Aligeuza karatasi juu chini, kisha chini juu.

"Mimi iko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Akaguna kidogo, akakubali. Nikampa ahadi kwamba hakuna atakayekigusa kabla hajavuna kumbikumbi.

Mkwe wake Yugu alituletea chai na muhogo. Ni mke wa mwanawe Lokule, ametoka upande wa Aru, na baada ya miaka sita hawana mtoto. Keji alionja muhogo wake akakunja uso.

"Huyu mwanamke ya Kongo anapika muhogo kama anaiadhibu."

"Muhogo hailii, mama," Yugu akajibu. "Inayolia iko wewe tu."

Wakacheka wote wawili. Inaonekana wanafanya hivyo kila siku.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua ya kwanza, dakika kumi. Paa linavuja sehemu tatu. Nimeweka ndoo.

Jumanne, 16 Aprili

Siku mbaya. Asubuhi tulikuta mchwa wamepanda fremu tatu. Mifereji yao ya udongo ilikuwa imefika kwenye kitambaa, na Aliga alipogonga mguu wa fremu moja mbao ilitoa sauti ya boksi tupu. Siku nne tu tangu tuziweke pale.

Madamu Zam alikuja saa tano. Aligusa mfereji kwa ncha ya kiatu.

"Dada Scovia, wageni watakunywa chai pamoja na hawa?"

Nikamweleza mchoro, pazia, mama Keji, ahadi.

"Wewe uliahidi mama nani? Mkataba yako iko na kamati. Mimi nataka hii chumba yote, sakafu kutoka ukuta mpaka ukuta. Kama haiwezekani, sema. Iko mutu Kampala anaweza kufika keshokutwa."

"Tutumie dawa ya mchwa?" nikauliza.

"Mimi sikusema dawa. Mimi nimesema wasionekane."

Aliga alikuwa anapanga misumari yake kwa saizi, kichwa chini.

Jumatano, 17 Aprili

Nimefanya. Nataka kuandika sababu kwa utaratibu ili nikizisoma baadaye nijue nilifikiri.

Kwanza, fremu zilizobaki haziwezi kuachwa ziliwe. Pili, kwetu Manibe kila mtoto anajua kwamba kichuguu kilichosumbuliwa midomo, yale matundu ya kutokea, kabla ya msimu hakirushi kumbikumbi mwaka huo. Baba alitupiga kwa sababu hiyo. Mchwa huziba na kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo nikimwaga dawa na kuziba midomo yote kwa udongo mbichi, kumbikumbi hawatatoka. Keji atasema mwaka huu ni mbaya. Atanung'unika. Mwaka ujao mvua zitakuwa zimeosha kila kitu.

Dawa ilitoka duka la pembejeo, lita tano, nyeupe kama maziwa ikichanganywa na maji. Aliga alitoboa kichuguu kwa nondo sehemu nane. Nilimwaga mwenyewe. Midomo ilikuwa kumi na moja, sita ndani na mitano nje chini ya ukuta. Nimeihesabu mara mbili. Nimeiziba yote.

Dumu tupu tumeliweka chini ya boriti, kwenye pembe. Mbao zitalifunika.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuna mfereji mpya. Mikono inanuka hata baada ya sabuni.

Jumamosi, 20 Aprili

Sakafu imekamilika, ukuta hadi ukuta. Sehemu ya juu ya kichuguu tuliikata, na juu yake sasa kuna meza ya chai. Ni chumba kizuri. Lazima niseme hivyo, ni kizuri.

Keji alikuja mlangoni, akasimama kizingitini bila kuingia.

"Pazia yangu iko wapi?"

"Mama, kamati walibadilisha. Lakini naona mwaka huu watachelewa. Udongo bado mkavu."

"Nani alikuambia?"

"Nimeona tu."

Alitazama zulia muda mrefu. "Mume yangu alikuwa analala hapa na bunduki," akasema. "Hakuwahi kuvua viatu." Kisha akaondoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Mawingu. Mito imefika, arobaini.

Alhamisi, 25 Aprili

Naandika habari za jana.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne. Halafu jua likatoka kali, ardhi ikaanza kutoa mvuke. Nilikuwa napanga mito ukumbini, bluu mbili, udongo moja. Nikasikia vijiti vinapigwa chini, taratibu, kama matone. Nikajua ni nini kabla sijataka kujua. Ndivyo wanavyoitwa kumbikumbi, kwa kuigiza mvua juu ya ardhi.

Nilienda dirisha la nyuma. Hatua kama ishirini kutoka ukutani, penye choo cha zamani kilichoanguka, palikuwa na mdomo mpya. Mdomo wa kumi na mbili. Wamejichimbia njia nyingine. Keji alikuwa ameweka upinde wa matete na blanketi juu yake, na kumbikumbi walikuwa wanatambaa hadi mwisho wa blanketi na kudondoka ndani ya beseni la bluu. Wengi walikuwa hawaruki. Walikuwa wanazunguka mahali pamoja.

Watu kama kumi walisimama kuzunguka, watoto wakiwa wameweka mikono mgongoni. Hapa mwenye kichuguu ndiye anayefungua msimu. Lazima atafune konzi ya kwanza, wakiwa hai, mbele ya wote, ndipo wengine waguse. Kwetu Manibe si hivyo. Kwetu watoto hula kwanza.

Nilisimama dirishani. Hili naliandika kwa sababu hakuna mwingine aliyeliona. Nilisimama nikijiambia, hiki ni kichuguu kingine. Sijui muda gani. Kisha nikakimbia, lakini mlango wa nyuma tuliufunga kwa fremu, ikabidi nizunguke veranda yote.

Alikuwa amemeza konzi mbili. Mabawa yalikuwa yamemshika kidevuni.

"Njoo, mtoto ya Arua! Ulisema watachelewa. Ona sasa!"

Nilipiga beseni teke. Kumbikumbi wote wakamwagika kwenye matope. Watoto wakapiga kelele.

"Umerogwa?" Keji akauliza, akicheka bado.

Ingetosha kusema neno moja. Nilisema: "Samahani mama. Nimeteleza."

Baada ya robo saa hivi alikaa chini. Akasema jua kali. Jasho likamtoka, mate yakaanza kumtoka na hakuweza kuyameza. Lokule alimbeba hadi gari la kamati. Nilipanda pia. Kwenye kituo cha afya daktari alimfungua jicho, akauliza amekula nini.

"Kumbikumbi tu," Yugu akajibu. "Kumbikumbi tu, daktari, hata chai hajanywa."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa.

Alikufa saa nane na dakika kumi.

Ijumaa, 26 Aprili

Wamemzika nyuma ya nyumba yake. Kutoka kaburini unaona dirisha la chumba cha chai.

Kuku saba walikula kumbikumbi waliomwagika. Wote wamekufa. Daktari alisema ni sumu, na neno hilo lilifika nyumbani kabla ya maiti. Polisi wawili walichukua beseni na maelezo. Beseni ni la Yugu. Yugu ndiye aliyelisuuza, Yugu ndiye aliyelileta. Dada wa marehemu, Pasca, alisema mbele ya wote:

"Kila siku walikuwa wanatukanana. Mwanamke hana mtoto, ametoka kwa watu wanaojua sumu. Mnataka ushahidi gani?"

Yugu alikuwa anakoroga uji wa waombolezaji. Hakuna aliyeunywa.

Kisha Pasca alinishika mikono yote miwili. "Mungu alikutuma uteleze," akasema. "Watoto wetu wangeisha."

Watu wakasema amina.

Jumamosi, 27 Aprili

Wageni wamefika. Taa zimefanya kazi. Mgeni mmoja kutoka Juba aliuliza nani amebuni. Amechukua namba yangu.

Jumapili, 28 Aprili

Aliga amerudi kwao Ajia bila kungoja kubomoa. Asubuhi nilimwambia tukaseme ukweli.

"Dada, mimi ni fundi wa mbao," akasema. "Uliniambia toboa, nikatoboa."

Hakuniangalia alipopanda boda.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua tangu saa sita. Wanaume wa ukoo wameshusha nyasi za paa la nyumba ya Yugu. Hawakuichoma kwa sababu ilikuwa imelowa. Walifanya kazi bila kelele, mmoja anarusha, wengine wanapokea, kama watu wanaojenga. Vyombo vyake viliwekwa barabarani. Lokule alisimama amempa mgongo.

Yugu alimwambia mumewe, "Baba, wewe uliniona nikisuuza ile beseni. Ulikaa pale."

Alikuwa ananyonya kidole alichokatwa na nyasi.

Niliyaona yote kupitia dirisha la chumba cha chai. Wageni walikuwa wanaaga. Walisema kahawa ya Koboko ni nzuri.

Jumatano, 1 Mei

Nilimwendea Madamu Zam nyumbani kwake. Nikamwambia nitasema. Alifunga mlango, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa.

"Utasema nini? Kwamba kamati imeua mama mzee?"

"Kwamba mimi nilimwaga dawa."

"Mama amekwisha kufa, dada. Ukisema, atafufuka? Yule mwanamke amekwenda kwao, yuko hai, anakula. Hapa wakisikia watakupiga mawe kabla polisi avae viatu. Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Mimi najua watu wakikasirika wanafanana vipi."

Hakusema kwa ubaya. Alinisindikiza hadi lango akanishikia mwavuli. Nilitembea nusu ya njia nikiona amesema kweli.

Ijumaa, 3 Mei

Silali vizuri. Nimesoma tena maandishi ya tarehe 17. Kwanza, pili. Mwandiko mzuri kabisa.

Jumamosi, 4 Mei. Vurra

Niliambiwa kaka yake Yugu anapakia malori mpakani. Nilimkuta Yugu mwenyewe nyuma ya ofisi ya forodha, anauza chai kwa madereva.

"Mutu ya mapazia," akasema. "Kaa. Iko na maziwa, iko bila maziwa."

Nilimwambia yote. Dawa, midomo kumi na moja, kuteleza. Aliendelea kumimina chai ya dereva mmoja mpaka kikombe kikajaa, akafuta mezani.

"Kwa kituo," akasema, "daktari aliuliza amekula nini. Mimi nilijibu. Wewe ulikuwa karibu na mlango."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na mdomo?"

"Nilikuwa nao."

Lori lilikuwa linarudi nyuma na watu walikuwa wanapiga mabati yake kwa viganja.

"Yule mama alinitukana miaka sita," akasema. "Siku akiamka bila kunitukana nilikuwa namuuliza unaumwa wapi. Sasa hapa hakuna mutu anajua namna ya kunitukana."

Nikamuomba msamaha. Akatikisa kichwa, kama mtu anayekataa bidhaa.

"Mimi nilijua sikuua. Hiyo habari si yangu. Peleka kwa wenyewe."

"Utarudi nikisema?"

"Kwa nyumba gani?"

Hakunitoza chai, lakini nilipomaliza alikiosha kikombe mara tatu, na maji akayamwaga mbali.

Jumatatu, 6 Mei. Koboko

Niliingia barazani saa mbili asubuhi, nikang'oa mbao mbili za chumba cha chai, nikatoa dumu. Kisha nikaenda kwa Keji. Walikuwa wamekaa kwa ajili ya maombi, watu kama thelathini, Pasca mbele. Nililiweka dumu chini. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilianza na tarehe, kwa sababu ndivyo nilivyoweza.

Nilipomaliza, Pasca alitazama mikono yake, ile iliyonishika.

Lokule aliuliza swali moja. "Ulipoona mama anatafuna, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Vijana wawili waliinuka. Mmoja alikuwa na jembe. Lokule alichukua kiti, akakiweka kati yangu na wao, akakaa akinipa mgongo.

"Hakuna mutu anamgusa," akasema. "Tumekwisha kugusa mutu bure. Pigeni simu polisi."

Tulikaa hivyo saa nzima na zaidi. Mvua ilianza, watu wakaingia ndani. Yeye hakuondoka kitini. Niliona shati lake likigeuka rangi polepole kuanzia mabegani. Sikumsikia akilia, lakini mara moja aliinua kile kidole chake na kukitazama.

Alhamisi, 9 Mei

Polisi wameniruhusu kusimamia ubomoaji, askari mmoja akiwa verandani. Kesho tunakwenda Arua pamoja na maelezo yangu. Madamu Zam ametoa maelezo pia. Anasema hakusema dawa. Ni kweli, hakusema.

Fremu zimetoka, mapazia yamekunjwa, mito arobaini ndani ya magunia. Tulipoinua sakafu ya chumba cha nyuma, kichuguu kilichobaki kilibomoka chenyewe. Ndani kilikuwa kimejaa mabawa. Lokule alikuja kutazama. Aliomba beseni, akakusanya udongo wote, akaenda kuumwaga juu ya kaburi. Alirudi mara nne mpaka sakafu ikawa safi.

Mkaguzi alifika saa tisa na tochi. Alizunguka kuta zote, akapapasa matofali, akapima ule ukuta ulioinama.

"Safi sana," akasema. "Sijaona mkandarasi aliyefanya hivi. Ni kama hamkuwahi kuingia."

Akanipa fomu nitie sahihi. Swali la saba linauliza kama kuna kitu chochote kilichoharibika au kupotea wakati wa kazi. Alikuwa amekwisha kujaza: Hakuna.

Nililikata neno hilo kwa mstari mmoja. Nikaandika: Kichuguu kimoja, mali ya Keji, mjane. Keji mwenyewe. Kuku saba. Nyumba moja ya nyasi, mali ya Yugu.

Mkaguzi alisoma. "Hivi si sehemu ya jengo, madamu. Na nafasi ni mstari mmoja tu."

Nikamwambia nitatumia upande wa nyuma wa karatasi. Askari aliniazima kalamu, yangu ilikuwa imeisha wino.